Likizo ya Mdomo

Wiki iliyopita niliwaacha nje ya ofisi ya Mkuu, nimekaa kwenye benchi, simu inaita mkobani, na mimi nimeizima kwa adabu kwa sababu nilikuwa nasubiri kuitwa ndani. Aliyekuwa anapiga ni nesi wa wodi ya wanawake. Tangu siku hiyo mmenitumia salamu za pole, na ninyi akina baba, sijui mna nini, wengi mmeniandikia kwamba nisamehe ili moyo upumue. Nashukuru kwa nia njema. Sijasamehe, na leo nawaeleza nilivyokwenda kulipiza.

Kwa anayelishika gazeti hili kwa mara ya kwanza, nakuonjesha kidogo usipotee. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya serikali, nafundisha darasa la mtihani. Mama yangu mzazi alifariki sijaota meno. Aliyenibeba mgongoni, akanishonea sare na kunichapa nilipostahili, ni mdogo wake. Nilimwita mama maisha yangu yote. Alipolazwa na hali ikawa mbaya, nilikwenda kwa Mkuu wa shule kuomba likizo ya kuuguza.

Mkuu alinionyesha kanuni. Likizo ya kuuguza hutolewa kwa ajili ya mzazi, mume au mke, na mtoto. Mama mdogo hayumo. Nikiandika mama mdogo, wilayani watakataa kabla hata chai haijapoa. Kisha akatabasamu, akaniambia maneno ambayo walimu wote wa shule yetu wamewahi kuambiwa.

"Wewe nenda tu, Mwalimu. Karatasi itakufuata."

Hiyo ndiyo tuliyoiita likizo ya mdomo. Mtu akifiwa na mjomba au akiuguliwa na mkwe, Mkuu anamwambia nenda, mwenzake anamshikia vipindi, na akirudi anajaza fomu ya likizo nyingine yoyote inayokubalika, mradi mambo yaonekane sawa. Hakuna aliyewahi kuumia. Tulimwona Mkuu ni mtu wa watu, na tulimsifia mpaka akavimba kichwa.

Nikaenda. Wakaguzi nao wakaja bila taarifa, wakakuta darasa la mtihani halina mwalimu kwa sababu aliyeahidi kunishikia vipindi alikuwa ameitwa semina asubuhi hiyohiyo. Watoto wanarushiana chaki, mmoja amepanda juu ya meza anahubiri. Mkuu alipoulizwa mwalimu wao yuko wapi, aliona unga wake unataka kumwagika, akaamua kumwaga wangu. Alisema nimetoroka kazini.

Nikaitwa nirudi upesi nijieleze. Nikamwacha mama kitandani, nikamwambia naenda na kurudi. Nikiwa kwenye lile benchi, mama akakata roho, mkono wake umeshikwa na nesi asiyemjua hata jina.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni.

Mtadhani hasira yangu ilimwangukia Mkuu. Ilimwangukia, ndiyo, lakini aliyeninyima usingizi ni Makamu wake.

Makamu alikuwemo ofisini siku ile. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni anakoroga chai, na Mkuu aliposema nenda tu, Makamu aliinua macho akaniambia, "Msalimie mama, mwambie tunamwombea." Alisikia kila kitu. Lakini wilaya ilipotuma watu kuchunguza, kabla sijaitwa kurudi, wakamwuliza kama nilipewa ruhusa, alitazama sakafu akasema hakumbuki.

Mkuu nilimwelewa. Mwongo anayejiokoa ni mwongo wa kawaida, wamejaa. Makamu je? Tuliripoti kazini mwaka mmoja. Nimekula kwake mara ngapi. Mkewe ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, na binti yake nilimfundisha hesabu jikoni kwao bila kuambiwa asante, na wala sikuitaka. Mtu huyo ndiye aliyesema hakumbuki.

Na hali yangu ilikuwa hivi. Kamati ya nidhamu ya wilaya ilipangwa kuketi Jumatatu. Ikinikuta na hatia ya utoro, nafukuzwa na jina langu linafutwa, sitasimama tena mbele ya ubao wa shule yoyote ya serikali. Cha kujitetea nilikuwa nacho kimoja tu: kwamba niliruhusiwa. Ruhusa ya mdomo bila shahidi ni porojo. Nilikuwa nimeshakubali kwamba Jumatatu nazikwa, nikawa nataka kitu kimoja tu maishani, nisizikwe peke yangu.

Nikiwa katika hali hiyo, akaja Bi Muhuri.

Bi Muhuri ni katibu muhtasi wa shule. Tulimpa jina hilo kwa sababu anavyoushika muhuri wa shule utadhani ameuzaa. Alikuja nyumbani kutoa pole tena, akalia kidogo kwa kufuata utaratibu, akanywa chai yetu, akasifia mapazia. Halafu akavuta kiti karibu na akaanza kunong'ona, ingawa sebule nzima tulikuwa wawili.

Akaniambia Makamu yuko kwenye likizo ya ugonjwa. Mgongo. Daktari ameandika alale chali, asiinue hata ndoo. "Na mimi nimegonga muhuri kwa mkono wangu," akasema. "Mgongo gani, dada yangu? Mtu yuko kwenye ile shule ya binafsi yenye geti la bluu, anafundisha. Kila Ijumaa yumo, kabla ya mapumziko."

Kwa asiyejua mambo yetu, hilo si jambo dogo. Mtumishi aliye kwenye likizo ya ugonjwa akikutwa anamfanyia kazi mwajiri mwingine, amekwisha. Hakuna onyo wala karipio. Watu wamepoteza kazi kwa kukutwa wanauza mitumba yao wenyewe, sembuse kusimama darasani kwa mtu.

"Mimi sijasema kitu," Bi Muhuri akaendelea. "Ila ningekuwa wewe ningekwenda Ijumaa hii, kabla ya Jumatatu. Kamati ijue na hao wanaojifanya malaika ni watu wa namna gani."

Nilimkumbatia. Nilimsindikiza mpaka njiani na kumbebea mkoba.

Niliporudi, Kitinda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina povu la sabuni. Kitinda ni mtoto wa mwisho wa mama, mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja mpaka nilipopata kazi. Hana adabu ya kutosikiliza maneno ya wageni.

"Tangu lini yule anakupenda?" akaniuliza.

Nikamwambia watu hubadilika wakiona msiba. Akasema labda, lakini Bi Muhuri alipokuja msibani aliondoka na mabakuli yetu mawili na hajayarudisha, kwa hiyo yeye haoni alichobadilika. Nikamwambia akaoshe vyombo vilivyobaki. Alinuna, akaenda, na nikasikia sufuria zikigongwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sikutaka ushauri. Nilikuwa nimeshaanza kuiona sura ya Makamu akiwa amefyata mkia, na ile picha ilinipa hamu ya kula kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nawaambia ukweli wangu. Nilikula sahani mbili.

Kesho yake nilikuwa wilayani, kwa Mama Likizo.

Kila mwalimu wa wilaya yetu anamjua. Cheo chake ni kirefu lakini hakuna anayekitumia. Ofisi yake iko mwisho wa korido, chumba chembamba chenye feni isiyozunguka na viti vya wageni vilivyo vifupi kuliko chake, ili ukikaa umtazame kwa chini. Ndiye anayekubali na kukataa likizo zote. Hasemi kwa ukali. Anakataa kwa sauti ileile anayokuulizia habari za nyumbani.

Sifa zake ni nyingi. Mwalimu mmoja aliomba likizo ya mguu uliovunjika, Mama Likizo akamfuata mwenyewe bila taarifa na kumkuta ni mwamuzi wa mpira, filimbi mdomoni, anakimbia kuliko wachezaji. Alingoja mpaka kipindi cha mapumziko cha mechi ndipo akamsalimia. Wakubwa wamejaribu kumpigia simu kuwaombea ndugu zao, wote wamejibiwa kwamba kanuni haina mjomba.

Nilimweleza habari za Makamu. Alinisikiliza huku akisafisha miwani kwa ncha ya mtandio.

"Unamchukia?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri kwamba husemi uongo. Mimi hainihusu. Kama yuko likizo ya ugonjwa na anafundisha, nitaandika. Kama hayupo, nitaandika kwamba umenipotezea siku."

Aliniambia niende naye kwa sababu hamjui Makamu kwa sura, na hataki kuletewa mtu wa kubambikiziwa. Akaniambia pia kwamba anapokwenda kukagua mtu hamwambii yeyote, hata dereva hujua njia wakiwa wameshatoka getini. Nami nisiseme. Nikaapa. Nilimwambia Kitinda peke yake, na Kitinda alijibu kwa kufunga mlango.

Ijumaa gari la ofisi likanichukua nyuma ya stendi.

Njiani Mama Likizo hakuongea. Mimi nilikuwa naongea moyoni. Nilimwambia Makamu kila kitu ambacho sikupata nafasi ya kumwambia. Nilimwambia leo utanitambua, leo utakiona cha mtema kuni, leo utakumbuka na usiyoyakumbuka. Nilimwona mkewe akiambiwa, na nikasema moyoni naye aonje. Mimi nilisukwa nywele na mwanamke yule na nilimtakia hivyo.

Geti lilikuwa la bluu kweli. Mlinzi alitaka kutuuliza maswali, Mama Likizo akamwonyesha kitambulisho na kumwomba, kwa upole uleule, asimpigie mtu simu. Mlinzi akashusha simu yake kwenye kiti kama mtoto aliyekamatwa na pipi.

Tukapita kwenye korido iliyopigwa deki muda si mrefu. Darasa la kwanza, mwanamke anasomesha kwa sauti ya kuimba. Darasa la pili, watoto wanaandika. La tatu nilimsikia kabla sijamwona. Sauti ile naijua, ile ya kuuliza swali halafu anajijibu mwenyewe nusu ili mtoto amalizie.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia, amenyoosha mkono mpaka juu kabisa ya ubao, anaandika. Wima kama mlingoti.

"Ndiye?" Mama Likizo akanong'ona.

Wasomaji wangu, kuna utamu duniani nisingependa kuuficha. Nilitulia kidogo ili nisiumalize upesi.

"Ndiye," nikasema. "Na mgongo wake ndio huo."

Makamu akageuka kuchukua chaki nyingine na akatuona. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mama Likizo, akarudi kwangu. Nilingoja atoe kijasho, au ajaribu kujishika kiuno kama wagonjwa wa uongo wanavyofanya. Hakufanya hivyo. Aliweka chaki mezani, akawaambia watoto wamalize zoezi, akatoka na kufunga mlango taratibu.

"Umekuja wewe," akaniambia.

"Nimekuja."

"Ningejua ungekuja, ningekuomba ungoje mpaka Jumatatu."

Nilicheka. Kicheko chenyewe kilitoka kibaya, watoto wa darasa la pili wakainua vichwa. Mama Likizo akasema hapa si mahali, twendeni ndani. Mlinzi alituonyesha chumba cha walimu ambacho kilikuwa kitupu, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki na vikombe vilivyopinduliwa. Tukakaa, mimi na Mama Likizo upande mmoja, Makamu upande wa pili kama mtahiniwa.

Mama Likizo alimwuliza maswali yake na Makamu akayajibu yote. Ndiyo, yuko kwenye likizo ya ugonjwa. Ndiyo, mgongo humuuma, lakini si wa kumlaza chali. Ndiyo, anajua kanuni. Hii ni Ijumaa yake ya mwisho ya majaribio, na leo mchana wenye shule walikuwa wampe jibu kama wanamwajiri.

"Una kazi ya serikali, cheo unacho. Ya hapa ya nini?" Mama Likizo akauliza.

Makamu akanijibu mimi badala ya kumjibu yeye.

"Kwa sababu Jumatatu nikishasema, Mkuu hataniacha. Nilitaka niwe na pa kusimama kwanza."

Sikuelewa. Nilimwambia aseme lugha ya watu.

Akasema Jumatano alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Alimwambia kwamba aliposema hakumbuki alidanganya, kwamba alikuwepo, alisikia Mkuu akiniambia niende na karatasi itanifuata, na yuko tayari kuyasema hayo mbele ya kamati. Mwenyekiti akamwandika kuwa shahidi wangu, na kwa utaratibu akamjulisha Mkuu kwamba kuna shahidi amejitokeza.

"Shahidi wa nani?" nikauliza, kama mtu aliyeamshwa.

"Wako."

Nilimgeukia Mama Likizo anisaidie kusema mtu huyu anajitetea. Yeye alikuwa ameacha kuandika.

"Mama," nikasema, "si kweli, eti?"

"Kuhusu shahidi, ni kweli. Mwenyekiti aliniomba niandae kiti cha mtu mmoja zaidi, sikuambiwa ni nani." Alivua miwani. "Lakini ripoti yangu ya leo itafika mezani kabla hajafungua mdomo. Kanuni haimkatazi kusema. Atasema, ila kila atakachosema kitatoka kwa mtu aliyemdanganya daktari na kumdanganya mwajiri. Ningekuwa kwenye kamati, nisingemsikiliza."

"Basi usiandike."

"Uliniomba nije, Mwalimu. Nimekuja."

"Andika wiki ijayo. Andika Jumanne."

"Nimeshamwona leo," akasema. Alisema bila chuki, na nilitamani angenitukana.

Nilikuwa na shahidi. Tangu Jumatano nilikuwa na shahidi, na Alhamisi nikaenda kumchongea, na Ijumaa nikamwonyesha kwa kidole. Sijui kama nililia. Kitambaa cha plastiki kilikuwa na maua mekundu na niliyatazama mpaka yakaanza kuchezacheza.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani nilimsamehe hapo. Uchungu uliponipanda ulipanda pamoja na hasira yote ya mwanzo.

"Mbona hukusema siku ile ulipoulizwa?" nikamwambia. "Siku ile ndiyo ilikuwa siku yake. Ungesema, nisingeitwa kurudi. Ungesema, ningekuwa nimemshika mama mkono."

"Niliogopa."

"Mama yangu amekufa niko kwenye benchi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa dirishani. Nilikuona ukizima simu."

Hapo niliinuka. Sijui nilitaka kumfanya nini, mkono wangu ulikuwa umeshashika kikombe. Mama Likizo alinivuta gauni nikakaa. Makamu hakujikinga wala hakusogea. Alikaa tu, koti lina vumbi la chaki begani, na nilimchukia kwa kusema ukweli kwa kuchelewa kuliko nilivyomchukia kwa kudanganya.

Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakafumuka kutoka madarasani na shule nzima ikawa kelele. Na katikati ya kelele hizo simu ya Mama Likizo ikaita.

Alitazama jina, akakunja uso kidogo, akapokea. Akasema hasikii. Akasema tena hasikii, kuna watoto hapa. Mwishowe akabonyeza spika na kuishika simu mbele ya uso wake.

"Nasema habari za kazi, Mama," sauti ikasema. Niliitambua. Ilikuwa sauti ya Mkuu, ile ya kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Vipi, mmemkuta?"

Mama Likizo aliinyanyua miwani yake polepole na kuivaa.

"Tumemkuta nani?"

"Si huyo mgonjwa wetu." Mkuu akacheka kidogo. "Nimesema nikuulizie mapema, maana nasikia kamati inamtegemea sana Jumatatu. Isije ikapotezewa muda na mtu asiyeaminika. Na yule mwanamke, bado mko naye, au ameshaondoka na furaha yake?"



Mama Likizo aliniangalia na mimi nikamwangalia. Safari yetu hakuna aliyeambiwa. Dereva alijua njia tukiwa barabarani. Kitinda angekatwa ulimi kabla ya kumpigia simu Mkuu. Nikabaki na mtu mmoja, anayejua kama kila mtu kwamba mashtaka ya likizo hupelekwa kwa Mama Likizo, na nikamsikia tena akininong'oneza sebuleni kwangu, kikombe changu mkononi: ningekuwa wewe ningekwenda Ijumaa hii, kabla ya Jumatatu.

Yale maneno hayakuwa ya Bi Muhuri. Mkuu aliambiwa Jumatano kwamba kuna shahidi, na ofisini siku ile tulikuwa watatu tu. Jumatano hiyohiyo jioni Bi Muhuri alikuwa kwangu analia na kusifia mapazia. Mkuu alitaka kumwondoa Makamu na hakutaka mkono wake uonekane, akatazama huku na huko nani ana chuki ya kutosha, akaniona mimi. Na mimi nikambebea mjumbe wake mkoba.

Makamu naye alikuwa ameelewa. Alifumba macho.

Aliyenishangaza ni Mama Likizo. Uso wake ulibadilika rangi. Kwa miaka yote hiyo wakubwa wamemwomba, wamemtisha, wamempelekea zawadi, na hakuna aliyewahi kumtuma. Leo mtu amemtuma, tena bila hata kumwomba.

"Mama? Upo?" simu ikauliza.

Mama Likizo aliiweka simu mezani, katikati yetu, juu ya maua mekundu, na akaondoa mkono wake. Midomo yake ilikuwa imebanwa. Sidhani kama alijua afanye nini. Kanuni zake zote zinamhusu mtumishi aliyekosa kuwepo, hazisemi lolote kuhusu mtu kama huyu.

Hasira niliyokuja nayo kwa Makamu ilikuwa bado iko hapo, nzima, haijaguswa. Ilihitaji kugeuzwa tu. Niliinama mpaka mdomo wangu ukawa karibu na simu. Sauti yangu, kwa kulia na kwa kunyamaza, ilikuwa imekauka, hata mimi sikuifahamu.

"Shikamoo, Mkuu."

Mtu wa watu, hata angekuwa anauma mtu, salamu haimpiti. Kwa mazoea tu akaitika.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Hakunijua.

Makamu alifungua macho. Akaegemea mbele juu ya meza, akatikisa kichwa kwa haraka, akaninong'oneza nisijitaje. "Mkuu akidhani anaongea na mfanyakazi wa ofisi ya Mama Likizo ataendelea kujisifu, atasema na lile la ruhusa, namjua, hawezi kujizuia. Akijua ni wewe atafunga mdomo na Jumatatu huna kitu."

Mama Likizo alinishika kifundo cha mkono. Yeye alitikisa kichwa kwa upande wake.

"Jitambulishe," akaninong'oneza. "Nitaandika kila neno atakalosema, ripoti nzima. Lakini neno la kupatikana kwa hila siliandiki. Sijawahi, na sitaanza na wewe."

Nikabaki katikati yao. Nikijitaja, atanyamaza. Nisipojitaja, atasema, na mtu pekee ambaye kamati itamwamini atakataa kuandika alichosikia.

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele kwa furaha yao. Nilisikia Mkuu akivuta pumzi, kiti chake kikilia, kile kiti ninachokijua, na akilini nikaliona nyuma yake lile dirisha linalotazama benchi.

"Haloo," akasema, na sauti sasa haikuwa na mafuta. "Nimeuliza, nani mwenzangu?"